Chumvi Kwenye Kanga Mpya

Mama Edgari alikuwa wa tatu mbele yangu siku waliyomchukua, na mpaka hesabu ya sitini alikuwa bado anatania.

Alitoka kwenye kibanda cha mabati cha lango linalotenga mji na vijiji, akijipepea kwa kiganja, akaweka miguu juu ya zile nyayo mbili zilizochorwa kivulini, akageuza mgongo ili asomwe. Sote kwenye foleni tulijua utaratibu. Unakaa kibandani mpaka joto likutoe jasho. Jasho likigusa kanga, pindo linaacha bluu yake na kuwa zambarau iliyokolea, karibu na nyeusi. Halafu unatoka, unasimama kivulini, na msoma-pindo anahesabu kwa sauti. Mwenye mwili mzima, bluu inarudi kabla ya mia moja. Mwenye homa, hairudi.

"Sitini na moja," alisema Afande Lukoa.

"Afande, unahesabu kama unatafuna muwa. Nina maharage motoni."

Watu walicheka. Afande Lukoa alitabasamu kidogo, maana Mama Edgari ni jirani yake, wamepakana ua. Walipofika themanini kicheko kilikwisha chenyewe. Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi na kutoitoa.

"Imerudi?" Mama Edgari aliuliza, akijaribu kugeuza shingo ajione mgongoni. "Jamani, imerudi?"

Afande Lukoa aliendelea kuhesabu.

"Mia," alisema Afande Lukoa, taratibu.

Wenye makoti ya manjano hawakumshika. Walimwelekeza kwa fimbo ndefu, wakiwa mbali naye. "Lakini mimi siumwi," alisema. "Lukoa, si unanijua?" Lukoa alikuwa ameinama anaandika. Nilimtazama yule mama akipanda njia ya Kambi ya wenye homa, na maandishi ya kanga yakicheza nyuma yake kila alipopiga hatua: AFYA YANGU INAONEKANA.

Kutoka kijijini kwetu Lukwale alikuwa wa kumi na mbili tangu kanga mpya zigawiwe. Walituambia Kambini ni siku kumi na nne. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amerudi. Hata ukiingia mzima, unalala chumba kimoja na wanaokohoa damu.

Zamu yangu ilipofika nilisomwa nikarudi bluu kwenye arobaini. Kanga yangu ilikuwa ya mgao uliopita, imeshafuliwa mara nyingi, na nilikuwa bado na ruhusa ya wiki moja kuivaa. Nikaenda zangu nyumbani, lakini kichwani nilikuwa nawapanga wale kumi na wawili kama mtu anayepanga vyombo. Mama Edgari, ambaye uwanja wake hufagiwa mara mbili kwa siku. Mama Nuru, anayepiga pasi mpaka taulo. Yule mwalimu wa awali mwenye soksi nyeupe. Wote wasafi, wote waangalifu. Na Tekla, anayevaa kanga mpya ikiwa bado na harufu ya kiwandani, yeye hurudi bluu kabla ya hamsini kila siku. Wenzake walimwambia foleni nzima ikisikia, "Wewe hata homa inakuogopa kwa uchafu." Tekla alijibu, "Iendelee kuniogopa."

Hapo ndipo kitu kilipoanza kunikuna.

*

Mimi nafanya kazi ya kusuuza. Nilimaliza darasa la saba, nikakaa nyumbani miaka miwili, halafu kiwanda cha nguo cha upande wa mjini kikaita wasichana wenye subira. Daktari Honorata Kunambi alitupanga mstari mbele ya sinki, akatupa kila mmoja kitambaa kilichotiwa rangi, akasema tusuuze mpaka maji yawe safi. Wenzangu walisimama maji yalipokuwa meupe. Mimi niliendelea.

"Mbona huachi?" aliniuliza.

"Shikamoo Daktari. Bado yana chumvi."

"Umejuaje?"

"Nimeyaonja."

Akawaambia wale wengine waende. Tangu siku ile miaka minne imepita, na husema ulimi wangu ndio mashine pekee ya kiwanda isiyoharibika.

Daktari ni mwanamke mfupi, kucha zake ni za bluu mpaka kwenye nyama, na amekaa na rangi miaka thelathini na moja. Daftari zake zimepangwa rafuni kwa miaka. Za mwanzo ni za kaki ya askari isiyopauka juani. Halafu zinakuja za bandeji inayobadilika rangi kidonda kikioza. Halafu Homa ikaingia, ikachukua mume wake na mabinti wake wawili ndani ya wiki moja, na mume ndiye aliyeileta nyumbani bila mtu kujua, kwa sababu siku tano za kwanza mgonjwa haonyeshi kitu chochote. Daftari la mwaka ule lina kurasa sita tu. Linalofuata ndilo la kanga.

Alinieleza siku moja kwa kutumia shanga. Uzi wa pamba, alisema, ameusukia minyororo midogo sana, isiyoonekana hata kwa darubini yetu ya pale mezani. Hiyo ndiyo polima. Kila mnyororo umeshika chembe ya rangi. Ukikaa umejikunja, rangi ni bluu. Jasho likija unafunguka, rangi inageuka. Jasho la kawaida likikauka, mnyororo unajikunja tena. Lakini jasho la mwenye Homa lina kitu kinachong'ang'ania kwenye pingu za mnyororo, nao unabaki wazi.

"Na chumvi ya nini?" nilimuuliza.

"Chumvi inasukuma rangi iingie kwenye uzi. Bila chumvi rangi inaelea tu kwenye maji. Lakini ikishaingia, lazima tuitoe yote. Ikibaki kidogo, mnyororo ukifunguka haujikunji. Ndiyo maana nakutaka wewe. Suuza saba, na ya saba unaonja."

Nami nilisuuza saba. Doti kwa doti, mji mzima na vijiji vyake, zilipita mikononi mwangu zikatoka hazina chumvi.

Kesho yake baada ya Mama Edgari kuchukuliwa nilisuuza doti ishirini kabla sijaelewa. Mikono ilikuwa ndani ya maji. Nikakumbuka mama yangu, na beseni la bati, na kanga mpya imelala ndani yake tangu jioni mpaka asubuhi. Sijui mwanamke wa kwetu asiyefanya hivyo. Kanga mpya hata uwe na haraka gani huivai kabla hujailoweka kwenye maji ya chumvi, ili rangi isichuje. Konzi mbili za chumvi kwa mwanamke mwangalifu, na zaidi kidogo kama anaipenda.

Isipokuwa Tekla.

*

Sikumwambia mtu. Nilichukua kipande kilichokatwa pembeni, nikakiloweka chumvi kama mama anavyoloweka, nikakianika, nikakipiga mvuke wa birika pamoja na matone ya jasho langu mwenyewe, nikaanza kuhesabu. Mia. Mia mbili. Nilihesabu mpaka elfu, na kipande kilikuwa bado cheusi kama kimetoka kwa mgonjwa.

Nilikipeleka mezani kwa Daktari, nikakiweka juu ya karatasi zake.

"Hili jasho ni la nani?" aliuliza.

"Langu."

Alinirukia kwa macho. Nikasema haraka, "Mimi ni mzima, Daktari. Nimekiloweka chumvi. Wanawake wote wanaloweka. Wale wanaopelekwa Kambini ni wale walioloweka vizuri."

Nilitegemea ashtuke. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti, polepole, kioo kimoja kisha cha pili.

"Ni mwezi wa tatu sasa nimejua," alisema.

Birika lilikuwa bado linatoa mvuke. Nilienda nikalizima ili nipate kitu cha kufanya.

"Nilisoma bweni kwa masista," aliendelea. "Nguo zetu zilifuliwa kwa mashine. Nilipoolewa nikawa na dada wa kazi. Nimepima hizi kanga kwa sabuni, kwa magadi, kwa jua, kwa mkojo wa mtoto. Miaka sita, Salvina. Kuloweka chumvi hakukunijia hata ndotoni. Nilimwona jirani yangu na beseni, nikamuuliza anafanya nini. Akanicheka."

"Basi tuwaambie wasiloweke."

"Tuseme nini? Kwamba chumvi inaharibu?"

"Ndiyo."

"Lete lile limau lako."

Lilikuwa la chakula changu cha mchana. Alilikata, akakamua matone kwenye kipande kipya, akafungua kabati la chuma na kutoa kichupa kidogo chenye kifuniko chekundu. Kile kichupa nilikuwa nimekatazwa hata kukifutia vumbi. Alivaa glavu mbili mbili, akadondosha tone moja.

Kipande kilikuwa bluu. Nilisubiri. Kilibaki bluu, bluu nzuri kabisa, kama mbingu ya asubuhi.

"Hilo ni jasho la mtu aliyekufa siku ya pili yake," alisema. "Chumvi inafungua, ukali wa limau unafunga. Nikisema moja, watauliza la pili. Wiki moja haitaisha, kila mwenye mgonjwa ndani atakuwa anakamua limau. Tumekamata wagonjwa mia tatu na arobaini kwenye malango yote. Wazima waliochukuliwa nadhani ni kumi na tano, labda ishirini. Usiniangalie hivyo. Nimewahesabu."

"Mama Edgari ni mmoja."

"Simjui Mama Edgari."

"Ndiyo, Daktari. Humjui."

Alirudisha kichupa kabatini. "Natafuta rangi isiyosumbuliwa na chumvi," alisema akiwa amenipa mgongo. "Nipe miezi minne. Na hili la limau, tunalijua wawili tu."

Nilirudi kwenye sinki. Nilisuuza, nikaonja, na sikuweza kujua kama chumvi ninayoisikia ni ya maji au ya uso wangu.

*

Jumamosi saa sita mchana dada yangu Generosa alikuja mlango wa kiwanda. Aliolewa upande wa mjini mwaka juzi, na kwa sababu ya malango hakuwahi kurudi kwetu tangu ajifungue. Sasa alikuwa amepata kibali cha siku mbili kumpeleka mtoto kwa mama. Ima alikuwa na miezi minne, amelala mgongoni, shavu limebonyea kwenye bega.

"Mama mdogo, mpokee mwanao," Generosa alisema akigeuka nimwone. "Ana kichwa chako, masikini."

"Bora changu. Chako kingemlemea."

Tulicheka. Halafu nikaona kanga yake. Ilikuwa ya mgao mpya, imenyooka, pindo linang'aa.

"Umeiloweka?"

"Mama mkwe kailoweka. Unamjua alivyo. Kaweka chumvi mpaka nikamwambia mama, hii ni kanga au samaki?"

Nilishika ncha ya pindo kama ninayeangalia mshono, nikaipeleka mdomoni. Ulimi wangu haujawahi kudanganya. Ilikuwa kama kulamba jiwe la chumvi.

"Na kipande cha pili?"

"Hiki hapa," akapiga mfuko alioushika. Ima alikuwa amebebwa kwa kitenge. Kanga ya pili ilikuwa ndani ya mfuko, bado imekunjwa. "Nimemwekea mama zawadi. Hata maji haijaona."

Nilimwambia arudi nyumbani kwake, aje wiki nyingine. Akanishangaa. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa langoni kwa siku ya leo, na aliyeandikwa asipotokea hufuatwa mpaka kitandani. Ukifuatwa unasomwa hapo hapo. Nilikuwa najua hayo, nilisema tu.

"Una nini wewe leo? Umekunja uso kama fundi asiyelipwa."

"Jua."

"Jua nipe mimi. Tangu asubuhi limenipiga kichwani, kinagonga hapa." Akaweka vidole kwenye kipaji.

Nilimsikia. Hilo siwezi kusema sikulisikia. Lakini wakati ule nilikuwa namwona Mama Edgari anapanda kilima, na mahali pa sura yake pamekaa sura ya Generosa, na mtoto mgongoni.

"Nivulie hiyo kanga," nilimwambia. "Ina doa. Jifunge koti langu, mara moja narudi."

Kwenye sinki nilikata limau. Nilitia nusu kwenye beseni la maji, nikaona ni kidogo, nikatia na nusu ya pili. Nilipoinua kichwa Daktari alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia maganda, akaangalia beseni.

"Ni ya nani?"

"Dada yangu. Ameloweka chumvi."

"Umempima joto?"

"Ni mzima, Daktari."

"Sikukuuliza hivyo."

Kipimajoto kilikuwa kwenye droo, hatua tatu kutoka nilipo. Tulikitazama wote wawili. Mimi nilikamua kanga. Yeye alinyanyua mkono kama anayetaka kuniita, kisha akauteremsha, akaingia ofisini kwake na kufunga mlango. Sikusikia ufunguo. Nadhani alikuwa amesimama nyuma ya mlango ule ule.

*

Foleni ilikuwa fupi. Afande Lukoa hakuwa ametaniana na mtu tangu siku ile, na sasa alihesabu akiangalia daftari, si watu.

Generosa alitoka kibandani uso umelowa. Kwenye nyayo nyeupe alisimama wima, akanikonyeza. Nilimshika Ima mikononi. Pindo la dada yangu lilikuwa bluu.

"Moja," alianza Afande Lukoa. Akanyamaza. Akasogea hatua moja. "Huyu mbona hajageuka kabisa?"

Nilikuwa nimetia limau zima. Kanga ya mwenye afya hugeuka, kisha hurudi. Nilikuwa nimefunga minyororo yote.

"Huwa hatoki jasho," nilisema.

"Uso huu sio jasho?"

"Mwili, Afande. Tangu utoto. Mama alikuwa anasema huyu ni mtungi usiovuja."

Watu wawili walicheka. Afande Lukoa alinusa. "Na nasikia harufu ya limau."

Generosa hakujua kitu, ndiyo maana jibu lake lilikuwa zuri. "Limau lipo mfukoni kwa mdogo wangu, huyu hali kitu bila limau. Ungemwona akila chai."

"Tangu lini mtu anakula chai?"

"Muulize mwenyewe."

Foleni ikacheka tena, na yule afande akatazama pindo, akatazama njia ya Kambi, akanitazama mimi. Sijui aliona nini. Jirani yake alikuwa Mama Edgari, na huenda naye alikuwa na maswali yake. Alifunga daftari kabla hajafika kumi.

"Pita," alisema.

Tulipita. Tulitembea mpaka lango likapotea nyuma ya mashamba ya mahindi, na Generosa akaanza kuongea juu ya mama, kwamba ataimba wimbo gani akimwona mjukuu, na kama kile kitanda chetu bado kinalia. Aliongea haraka. Kila baada ya maneno machache alisimama kupumua.

"Ngoja nijifute," alisema. "Nimelowa kama nimetoka mtoni."

Akavuta mfukoni kanga ya pili, ile ya mama, akaikunjua, akajifuta uso, shingo na kifua. Kisha akaitundika begani.

Hiyo haikuwa imeonja chumvi wala limau. Ilitoka mikononi mwangu, suuza saba, safi. Pindo lake liligeuka mbele ya macho yangu, kutoka bluu kuwa zambarau, kutoka zambarau kuwa nyeusi, kama wino unavyopanda kwenye karatasi.

"Tukae hapa kwanza," nilisema.

"Hapa? Paa la nyumba silo lile?"

Lilikuwa lile. Moshi wa jikoni ulikuwa unatoka, na mama alikuwa amesimama uwanjani na mkono juu ya macho, anatazama barabara. Bado hakuwa ametuona. Nilimvuta Generosa chini ya kivuli cha mahindi, nikamwambia aweke kanga ile kwenye majani ikauke. Alikaa. Alishukuru hata kukaa. Ima alikuwa bado mikononi mwangu, nikamshusha nikamlaza kwenye kitenge, mbali kidogo na sisi wote wawili, na Generosa akaniangalia kwa mshangao.

Nilianza kimya kimya. Nilihesabu taratibu kuliko Afande Lukoa, taratibu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuhesabu langoni. Kwenye thelathini nilijiambia ni jua. Kwenye hamsini nilijiambia ni njia ndefu na mtoto mzito. Upepo ulipita, kitambaa kilikuwa kimekauka kabisa, naona kinapepea ncha.

"Midomo inacheza," alisema Generosa. Macho alikuwa ameyafunga. "Unasali?"

"Nahesabu."

"Nini?"

Tisini na nane. Tisini na tisa. Kule uwanjani mama alituona, akapiga kigelegele, akaanza kuja mbio na mikono wazi.

"Mia," nilisema.

Nikasimama katikati ya njia, nikanyoosha mikono yote miwili mbele kumzuia mama asifike. Nyuma yangu pindo lilikuwa bado jeusi, nami nilikuwa bado nahesabu, mia na moja, mia na mbili.